Sabufa kwenye pikapu: pima nafasi kwanza, spika nunua mwisho

Ukiingia duka la spika Kariakoo ukasema unataka besi kwenye Hilux yako, utaulizwa bajeti, kisha utaulizwa inchi ngapi. Nyuma ya siti kuna sentimita ngapi, hilo haulizi mtu. Unatoka na sabufa ya inchi 12, au ya 15 kama mwezi umekaa vizuri, unaipeleka kwa seremala, na seremala anaijengea boksi la kuitosha. Siku ya kufunga ndipo mambo yanapojitokeza. Boksi haliingii. Au linaingia ila siti hairudi mahali pake. Au siti inarudi, kila kitu kimekaa, na ukiwasha mziki unapata mlio wa debe.

Kwenye Noah au Harrier mpangilio huo unaweza kupita, maana nyuma kuna buti la kusitiri makosa. Pikapu haina buti. Ina kebini, na ndani ya kebini nafasi isiyokaliwa na mtu ni ile ya nyuma ya egemeo la siti, ya chini ya siti, na pengine ya katikati ya siti mbili za mbele. Kwa hiyo mpangilio inabidi ugeuzwe: nafasi ndiyo inayoamua boksi, boksi ndilo linaloamua spika, na spika ndiyo inayoamua amplifaya. Anayeanza na spika anajifunga mwenyewe.

Kwa nini boksi kabisa? Koni ya spika, ule uso wake unaocheza, ikisogea mbele inaisukuma hewa ya mbele na papo hapo inaivuta ile ya nyuma. Kwa sauti nyembamba hilo halina madhara makubwa, lakini mawimbi ya besi ni marefu kiasi kwamba yanazunguka ukingo wa spika, yanakutana na wenzao wa upande wa pili walio kinyume nao, na yanauana. Ndiyo maana sabufa tupu ikiwashwa juu ya meza utaona koni inacheza mpaka unaogopa, ila besi huisikii. Boksi linautenga upande wa nyuma na ule wa mbele. Kwa kazi hiyo sharti ni moja tu, lisivuje.

Kazi ya pili ndiyo inayowachanganya wengi. Hewa iliyofungiwa ndani ya boksi ni springi: koni ikirudi nyuma inaibana, nayo inaisukuma koni irudi mbele. Boksi likiwa dogo mno springi inakuwa ngumu, besi ya chini kabisa inapotea, na juu yake kidogo kunatokea uvimbe wa sauti, ule mdundo wa aina moja unaochosha masikio kila wimbo. Boksi likiwa kubwa kupita kiasi springi inalegea, koni inakosa wa kuizuia, na siku ukiongeza sauti inatupwa mpaka inagonga. Kila spika ina kiasi cha hewa inachokipenda, na kiasi hicho hakikisiwi kwa macho.

Zamani kilikuwa kinakisiwa. Mwaka 1961 mhandisi wa Australia, Neville Thiele, alichapisha hesabu zinazoonyesha namna ya kukokotoa spika na boksi kwa pamoja kabla msumeno haujagusa mbao. Makala yake haikuvuma mpaka ilipochapishwa upya nchini Marekani mwaka 1971, na Richard Small akaipanua kwa makala zake za mwaka 1972 na 1973. Jedwali la herufi na namba lililo kwenye karatasi ya spika yoyote ya maana limetokana na kazi yao. Fs ni masafa, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde (Hz), ambayo koni hupenda kutikisika yenyewe ikiachwa huru. Vas ni kiasi cha hewa chenye ulaini sawa na ule wa mpira na kitambaa vinavyoishika koni. Namba ikiwa kubwa, spika itadai boksi kubwa. Qts inaeleza ni kwa kiasi gani spika yenyewe inaweza kuituliza koni yake baada ya kupigwa. Kwa kukadiria tu, Qts ya 0.5 au zaidi kidogo hukaa vizuri kwenye boksi lililozibwa, na ile iliyo chini ya 0.4 huelekea kwenye boksi la tundu, lile lenye bomba la kupitishia hewa. Spika isiyo na jedwali hilo, hata kama kopo lake limeandikwa wati 2000 kwa herufi za dhahabu, mimi singeinunua, kwa sababu seremala atakuwa amerudishwa kwenye kukisia.

Sasa tuingie kwenye futi kamba. Chukua dabo kebini, pikapu yenye siti za nyuma, ambayo nyuma ya egemeo la siti umepima upana wa sentimita 120, kimo 35, kina cha juu 12 na kina cha chini 18, kwa kuwa egemeo limelala kidogo. Magari hutofautiana, hata matoleo mawili ya Hilux hayafanani, kwa hiyo namba hizi ni za mfano. Pima la kwako, siti ikiwa imerudishwa na kufungwa. Wastani wa kina ni 15. Ukizidisha haraka haraka unapata lita 63, na hapo ndipo watu wanapofurahi mapema.

Mbao ina unene. MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ya milimita 18 inakula sentimita 3.6 kwenye kila kipimo, kwa kuwa kuna ubao huku na huku. Vipimo vya ndani vinabaki 116.4 kwa 31.4 kwa 11.4, ambavyo ni lita 41 na ushei. Theluthi nzima ya hewa yako imegeuka mbao. Toa lita moja na nusu hivi kwa ajili ya sumaku na fremu ya spika, toa na vipande vya kuimarisha ndani, unabaki na lita 39. Rudia hesabu hiyohiyo kwa plaiwudi ya milimita 12: 117.6 kwa 32.6 kwa 12.6, lita 48. Kwenye boksi la buti lenye umbo la mchemraba unene wa mbao hauumi sana. Kwenye boksi bapa la pikapu, zile lita 7 zinaweza kuwa tofauti ya spika kupumua na spika kubanwa. Ubao mwembamba utatetema, kwa hiyo utauimarisha kwa vijiti vinavyounganisha uso wa mbele na wa nyuma kila baada ya sentimita 25 au 30. Vijiti hivyo vinakula hewa kidogo sana kuliko kuongeza unene wa boksi zima.

Kina nacho kina la kusema. Kwa boksi la MDF, juu kabisa ndani kuna sentimita 8.4 na chini 14.4. Sabufa ya kawaida ya inchi 12 kwa nyuma hufika 14 hadi 18, na nyuma ya sumaku yenye tundu la kupozea inatakiwa kuachwa nafasi ya sentimita mbili na nusu ili hewa ipite. Haiingii. Hapa ndipo zile sabufa fupi, zilizotengenezwa kwa ajili ya nafasi bapa, zinapostahili bei yake. Fikiria pia kugawa: eneo la koni ya inchi 12 ni kama sentimita za mraba 500, na la inchi 10 ni kama 330. Inchi 10 mbili zina eneo kubwa kuliko inchi 12 moja, ni fupi zaidi kwa nyuma, na zinalala vizuri kwenye boksi refu jembamba. Zigawie chumba kila moja kwa ubao wa katikati, ili moja ikiharibika isiivuruge nyenzake.

Umeshajua hewa yako ni lita 40. Je, uzibe au utoboe tundu?

Boksi la tundu lina sifa mitaani, na si bure. Hewa iliyo ndani ya bomba la tundu inafanya kazi kama koni ya pili kwenye masafa yake, na ukichagua masafa hayo vizuri unapata nyongeza ya sauti ya desibeli 3 au zaidi kwenye eneo hilo. Desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya mara mbili. Tatizo la pikapu ni bomba lenyewe. Ukitaka boksi la lita 40 lilie kwenye Hz 35, ukatumia bomba la plastiki la maji taka la inchi 4, hesabu inakupa urefu wa sentimita 40 hivi. Bomba hilo kwa nje lina kipenyo cha sentimita 11. Ndani ya boksi lenye kina cha 11.4 linajaa kutoka ubao hadi ubao, linakula karibu lita 4, na mdomo wake wa ndani bado unahitaji nafasi mbele yake ili usizibwe. Ukipunguza mpaka bomba la inchi 3, urefu unashuka hadi sentimita 21 na kila kitu kinaingia. Ila hewa ileile sasa inapita kwenye tundu lenye karibu nusu ya eneo, inakimbia sana, na unaanza kusikia mpulizo unaofanana na mtu anayeforota. Mafundi wengine hutumia mfereji wa mbao badala ya bomba, na unafanya kazi. Hesabu ya eneo na urefu haibadiliki.

Kuna hatari nyingine. Chini ya masafa ya tundu, hewa ya ndani inatoka na kuingia bila kuizuia koni, ile springi inakuwa haipo, na koni inatupwa ovyo. Boksi la tundu lisilo na kichujio cha masafa ya chini kabisa kwenye amplifaya ni namna ya polepole ya kuua spika.

Halafu unasikiliza nini? Singeli hupita mapigo 200 kwa dakika. Chukua wimbo wa mapigo 240: ni manne kwa sekunde, kila moja lina robo sekunde tu. Wimbi moja la Hz 35 linachukua sehemu moja ya 35 ya sekunde. Tundu likiendelea kulia mawimbi manne baada ya pigo kukatika, karibu nusu ya muda uliopo kabla ya pigo linalofuata imeshaliwa, na ngoma zinaanza kukanyagana. Kwa amapiano, ambako besi inavutwa na mwendo ni nusu ya huo, boksi la tundu linapendeza mno. Gitaa la besi la taarabu au la dansi linashuka mpaka Hz 41 kwenye uzi wake mnene, na hapo boksi lililozibwa linakuonyesha kidole kinapogusa uzi. Ladha ni ya mwenye gari. Ila mtu asiuziwe tundu kwa sababu tu "linapiga zaidi".

Lipo na boksi la tatu, lile ambalo spika imefichwa ndani na sauti inatoka kwenye tundu pekee. Linataka hesabu kali na nafasi kubwa. Kwa dabo kebini lisahau.

Wengi hawahesabu kabisa kile ambacho pikapu yenyewe inakupa bure: udogo wa kebini. Mawimbi yakiwa marefu kuliko mara mbili ya urefu wa kebini, hayana tena nafasi ya kusafiri ndani. Kebini nzima inapanda na kushuka shinikizo kwa pamoja, na kadiri masafa yanavyoshuka shinikizo hilo linaongezeka. Katika joto la Dar sauti hukimbia kama mita 348 kwa sekunde. Kebini yenye urefu wa ndani wa mita 2 itaanza kukuongezea besi kuanzia karibu na Hz 87 kwenda chini. Singo kebini ya mita 1.3 itaanza juu zaidi, kwenye Hz 134 hivi. Kwenye karatasi ongezeko hilo ni desibeli 12 kwa kila oktava, yaani kila masafa yanaposhuka nusu. Kwenye gari halisi ni pungufu, maana bati linapinda, mpira wa mlango unavuja, na ukishusha kioo kimoja sehemu kubwa inatoka nje.

Na boksi lililozibwa, chini ya masafa yake, linapoteza desibeli hizohizo 12 kwa kila oktava. Kebini inapanda pale boksi linaposhuka. Ndiyo sababu boksi dogo lililozibwa, ambalo sebuleni lingeonekana halina besi, ndani ya pikapu linashuka mpaka chini kabisa kwa utulivu, huku boksi la tundu la Hz 40 likijazwa na kebini mpaka linabweka. Kwa mwenye pikapu anayetaka kusikiliza mziki na si kuwasikilizisha watu wa Sinza, mimi ningeziba.

Kuhusu mahali pa kuliweka, ubishi mwingi wa vijiweni ni kama spika itazame mbele, juu au chini. Wimbi la Hz 40 lina urefu wa karibu mita 9, wakati Hilux nzima ni mita 5 na kidogo. Wimbi kubwa kuliko gari halijali uso wa spika umeelekea wapi. Mwelekeo unaamuliwa na mambo ya kawaida zaidi: magoti ya abiria, viatu vya watoto, mchanga. Spika inayotazama chini, chini ya siti, inajikinga na mateke, ila iinuliwe kutoka kwenye zulia kwa nafasi inayotosha mchezo wa koni na sentimita mbili tatu juu yake. Inayotazama mbele nyuma ya egemeo isiguse sponji la siti.

Kabla ya kulipa boksi la nyuma ya siti, inua egemeo uone kinachokaa pale. Pikapu nyingi huhifadhi jeki na spana nyuma au chini ya siti ya nyuma. Boksi lililopigwa bolti juu ya jeki litakukumbuka usiku, Kibaha, tairi likiwa chini. Kwenye ukuta wa nyuma wa kebini mara nyingi pia kuna vifuniko vidogo vya mpira vya kutolea hewa. Ukiviziba, milango inakuwa migumu kufunga na hewa ya kiyoyozi inazunguka vibaya. Acha pengo.

Singo kebini haina mjadala mrefu: ni nyuma ya siti, boksi bapa lililozibwa, inchi 8 mbili au inchi 10 fupi moja, na dereva mrefu asidhulumiwe sentimita zake. Boksi la katikati ya siti za mbele linawezekana kwa dabo kebini, ingawa litakuwa dogo na litaiba sehemu ya kuweka chupa ya maji. Kwenye karoseli, kule nyuma kwa mizigo, weka spika kama gari lako ni la matangazo au la vigodoro. Kwa msikilizaji aliye ndani, sauti ya huko inabidi ipite bati na kioo, faida yote ya kebini inapotea, na masika yatakapofika mwezi wa tatu yataimalizia koni.

Unyevu huo wa Dar ndio unaonifanya nisimsikilize anayesema MDF ndiyo mbao pekee ya spika. MDF ni nzito, imetulia, haina sauti yake, na seremala wa Keko anaikata kwa usafi. Lakini ikinyonya maji inavimba kwenye kona na hairudi, na sakafu ya pikapu hupata maji: miguu yenye tope, bomba la kutolea maji ya kiyoyozi lililoziba, mvua iliyopitia mpira wa mlango. Ukiitumia, paka gundi ya mbao au vanishi kwenye kingo zote kabla ya zulia. Plaiwudi ya marini ni ghali kidogo, nyepesi, inavumilia. Na kwa spika yenyewe chagua yenye ukingo wa mpira. Ule wa sponji unaoza kwa joto na unyevu, na gari lililofungwa vioo mchana Ilala ni tanuri.

Boksi lifungwe kwenye mwili wa gari kwa bolti. Lina kilo 15 au zaidi, na gari likigonga linaendelea na safari yake kwenda mbele. Kabla ya kutoboa, mtu alale chini ya gari aangalie: mabomba ya breki na ya mafuta hupita pembeni mwa chesisi, na drili haijui. Ubao ukishashikana na ukuta wa bati, bati litaanza kutetema. Shiti za butili zinalituliza. Zile za lami za kuezekea ni nafuu, lakini kwenye joto letu zinalainika na kunuka.

Umeme kwa kifupi: amplifaya ya wati 500 za RMS, yaani nguvu inayoweza kuitoa mfululizo, ikisukumwa mwisho inaweza kuvuta ampea 45, kwa hiyo waya uwe wa shaba yenyewe, si alumini iliyopakwa shaba, na fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na amplifaya.

Kama hewa bado imekuwa ndogo, jaza boksi lililozibwa kwa nyuzi za poliesta zile za kujazia mito, bila kushindilia. Zinaipoza hewa inapobanwa na boksi linajiona kubwa kidogo. Kwenye boksi la tundu usijaze. Zitafika kwenye bomba.

Mwisho ni kulioanisha na spika za mlangoni. Weka mpaka wa masafa kwenye Hz 80, chini yake ipige sabufa na juu yake spika za mlangoni, kaa kiti cha dereva, cheza wimbo unaoujua, kisha mwambie fundi abadilishane chanya na hasi kwenye waya wa sabufa tu. Upande mmoja utatoa besi nono zaidi kwenye eneo la mpaka. Acha hapo, hata kama alama za waya zinasema vingine. Na kiwango cha sabufa usikiweke gari likiwa limesimama kwa fundi. Injini ya dizeli na tairi juu ya lami ya Morogoro Road vinameza besi ya chini kuliko sauti za juu, kwa hiyo panda na mtu, mwache aendeshe mpaka Mbezi, wewe ukaze au ulegeze kitufe ukiwa njiani.